Mlango wa Goma na kuporomoka kwa misaada ya Kivu

Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2025, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliyaagiza mashirika yanayopokea fedha zake za misaada yasimamishe kazi. Jumatatu iliyofuata, tarehe 27, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, wakiwa, kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, pamoja na maelfu ya askari wa Rwanda. Kigali imekanusha mara kwa mara. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja. Hata hivyo, kwa mtu aliyekuwa akilala chini ya turubai katika kambi ya Bulengo au Lushagala, yalimfikia kama pigo moja. Katika siku nne, aliyekuwa akilipia chakula chake alijitoa, na mji uliokuwa ghala la chakula hicho ukawa chini ya watawala wapya.

Tangu hapo pigo la fedha na pigo la vita yameelezwa kila moja kivyake. Wanaofuatilia siasa za Washington hulaumu ukataji wa fedha, na wanaofuatilia Maziwa Makuu huilaumu vita. Kila upande una ushahidi wake. Mimi naona misaada ya Kivu iliporomoka kwa kasi ile kwa sababu ilikuwa imejengwa juu ya mfadhili mmoja na mji mmoja. Jambo hilo halikuwa siri. Lilijulikana Kinshasa, Geneva, Nairobi, na Goma kwenyewe.

Tuanze na fedha. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa na washirika wake waliomba takriban dola bilioni 2.6 kwa ajili ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walipata zaidi kidogo ya nusu, na katika kila dola kumi zilizopatikana, karibu saba zilitoka Marekani. Mpango wa mwaka 2025, uliozinduliwa Kinshasa mwishoni mwa Februari, uliomba dola bilioni 2.54 ili kuwafikia watu milioni 11. Waliohitaji msaada walikuwa zaidi ya milioni 21. Msomaji aitazame hesabu hiyo vizuri: ombi lenyewe, kabla hata ya senti ya kwanza kuingia, lilikuwa limekwisha kuwaacha nje karibu nusu ya wenye shida. Mwaka ulipokwisha, hata theluthi ya ombi hilo haikuwa imepatikana.

Pengo lililoachwa na Marekani halikuzibwa na mtu. Tarehe 25 Februari 2025 waziri mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba misaada ya nchi yake itashushwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, ili fedha ziende kwenye ulinzi. Ujerumani na Ufaransa nazo zilipunguza. Juni mwaka huohuo mkuu wa ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya kibinadamu, Tom Fletcher, alilishusha ombi la dunia nzima kutoka dola bilioni 44 hadi 29. Shida haikuwa imepungua. Kilichopungua ni matumaini ya kupata fedha. Tarehe 1 Julai shirika la misaada la Marekani, USAID, likafungwa rasmi. Mwishoni mwa Desemba Marekani iliahidi dola bilioni 2 kupitia Umoja wa Mataifa kwa nchi kumi na saba, Kongo ikiwamo. Ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini hizo ni fedha za nchi zote hizo kwa pamoja, wakati Kongo peke yake mwaka 2024 ilipata kutoka Marekani kiasi kinachokaribia nusu ya hizo.

Sasa tuje kwenye mji. Kila kitu kilipitia Goma, na kuelewa kwa nini ni lazima kurudi Julai 1994, wakati karibu watu milioni moja kutoka Rwanda walipovuka mpaka katika siku chache. Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo iko karibu kiasi kwamba mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, na Mei 2021 ikafika tena ukingoni mwake. Juu ya mawe hayo huchimbi kisima, huchimbi choo, wala huchimbi kaburi. Maji hutoka Ziwa Kivu, na yasipotibiwa huua. Mwaka 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa kufikia 50,000 katika muda wa wiki chache.

Mashirika yaliyokimbilia huko mwaka ule yalirudi na aibu kubwa. Tathmini iliyofuata ilichangia kuandikwa kwa vipimo vya Sphere, mradi ulioanza mwaka 1997: lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu. Leo vipimo hivyo hutumika Bangladesh, Haiti na Sudan, na kwa sehemu kubwa mama yake ni Goma. Naandika hili kwa sababu inauma kuona kwamba mahali palipoufundisha ulimwengu kiwango cha chini cha utu katika kambi, ndipo kiwango hicho kilipoachwa kwanza.

Kulikuwa na somo la pili la mwaka 1994, na hilo halikuandikiwa vipimo. Kambi za Mugunga, Kibumba na Katale zilitawaliwa na watu walewale walioongoza mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Wao ndio waliopanga majina na kugawa chakula, na wakaitumia foleni ya chakula kama jeshi litumiavyo gwaride. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, liliondoka mwishoni mwa mwaka ule kwa kukataa kuwalisha wauaji. Wengine walibaki, wakisema mtoto aliye kwenye foleni hajaua mtu. Pande zote mbili zilikuwa na haki yao. Mwenye bunduki anaposhika orodha ya wenye njaa, unamlisha nani? Miaka thelathini baadaye swali hilo limerudi Kivu likiwa bado halina jibu.

Baada ya 1994 vita vilifuatana, na Goma ukageuka makao makuu ya kudumu ya huruma ya kimataifa. Uwanja wake wa ndege ulipokea dawa, chakula cha tiba na wataalamu. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walifika kuanzia 1999. Maghala yalijengwa, kodi za nyumba zikapanda, na vijana wengi wenye shahada wakawa madereva, wakalimani na wahasibu wa mashirika. Serikali ya Kinshasa, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 na isiyo na barabara ya kuaminika hadi huko, ilizoea hali hiyo. Zahanati ilikuwa kazi ya shirika, maji yalikuwa kazi ya shirika, hata dawa ya malaria. Ni sharti tuwe wakweli hapa: msaada uliokusudiwa kuwa wa dharura ulishika nafasi ya serikali, na serikali ikauachia.

M23 iliporudi vitani mwishoni mwa 2021 na kuteka Bunagana Juni 2022, watu wa Rutshuru, kisha Masisi, kisha Sake, walikimbilia upande uleule. Kanyaruchinya, Rusayo, Bulengo, Lushagala, Nzulo: kambi ziliuzunguka mji. Kufikia Januari 2025, Umoja wa Mataifa ulikadiria wakimbizi wa ndani waliokuwa Goma na pembezoni mwake kuwa takriban 700,000. Maisha yao yalikuwa mabaya. Mvua ilipenya mabanda, vyoo vilijaa, na Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi zenyewe, karibu na Mugunga. Lakini walihesabika. Lori la maji lilijua pa kusimama. Mama mwenye jetoni yake alijua siku ya mgao, na muuguzi alijua mtoto gani hakuja wiki hii.

Mapigano ya Januari yalipokwisha, maofisa wa Umoja wa Mataifa walitaja karibu watu 3,000 waliokufa. Umeme ulikatika, na ulipokatika pampu za maji zikasimama, na watu wakarudi ziwani na bidoni zao kama mwaka 1994. Maghala ya mashirika yaliporwa. Wiki chache baadaye, mji wa Bukavu ulipokuwa ukianguka mikononi mwa M23, ghala la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilivunjwa na karibu tani 7,000 za chakula zikatoweka. Wengi walioonekana wakibeba magunia siku ile walikuwa raia wenye njaa, na siwezi kuwaita wezi. Lakini aliyebeba gunia alikuwa mwenye nguvu ya kulibeba. Kikongwe na mjane mwenye watoto wadogo, ambao chakula kile kilinunuliwa kwa ajili yao, hawakupata.

Kisha likaja jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoleta madhara ya kudumu kuliko yote. Mapema Februari 2025 M23 iliwaambia wakimbizi wa kambi za Goma kwamba usalama umerejea na wana saa 72 za kurudi makwao. Baadaye ilisema kuondoka ni kwa hiari. Lakini kambi zilikuwa zimekwisha kuvunjwa: mabanda, matangi, mabomba na vyoo vilivyojengwa kwa mamilioni ya dola. Wapo waliotaka kurudi, tena kwa furaha. Hakuna anayependa kulea watoto juu ya mawe. Ila walikuta nyumba zilizochomwa, mashamba yaliyochukuliwa na wengine, mbegu hakuna, na mabomu yasiyolipuka yamebaki njiani na mashambani.

Hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kambi, pamoja na unyonge wake wote, ilikuwa njia ya bei nafuu ya kumfikia mtu. Lori moja la maji liliwatosheleza maelfu waliokaa sehemu moja, na zahanati moja ya hema ilipokea wagonjwa wa kutwa nzima. Watu haohao walipotawanyika katika vijiji vya Masisi, Rutshuru na Kalehe, shirika lilihitaji magari mengi zaidi, vizuizi vingi zaidi vya kupita, ruhusa zaidi, mafuta zaidi. Gharama ya kumfikia kila mtu ilipanda mwaka uleule ambao fedha zilishuka. Mtu akisoma takwimu ya fedha peke yake ataona zimepungua kwa kiasi fulani. Msaada wenyewe, unaopimwa kwa kile kilichofika mkononi mwa mwenye shida, ulipungua zaidi ya hapo.

Na hata fedha zilizobaki hazikupita. Katika miaka ya karibuni mashirika mengi yalikuwa yameacha kugawa magunia na kuanza kuwapa watu fedha taslimu au kupitia simu, ili kila familia inunue inachohitaji sokoni. Ulikuwa utaratibu wa heshima zaidi, na uliwalisha pia wachuuzi wa hapohapo. Benki za Goma zilifungwa Januari 2025, na tawi la Benki Kuu likafungwa nazo. Wenye akaunti wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta fedha zao wenyewe, na wasioweza kuvuka wakawa chini ya mawakala wa simu waliotoza kamisheni kubwa kwa sababu noti zilikuwa adimu. Shirika lenye dola elfu kumi kwenye akaunti lilishindwa kuzigeuza kuwa maharagwe yaliyokuwa yanauzwa ng'ambo ya barabara.

Uwanja wa ndege nao ukafungwa. Njia ya kurukia na mnara wa kuongozea ndege vilihitaji ukarabati, na mabomu yaliyotapakaa yalihitaji kuondolewa, lakini kikwazo kikubwa kimekuwa cha kisiasa. M23 inashika ardhi. Kinshasa ndiyo yenye mamlaka ya kisheria juu ya anga. Ndege ikitua kwa ruhusa ya M23, Kinshasa inaona adui yake ametambuliwa. Ikitua kwa ruhusa ya Kinshasa peke yake, M23 inaona imedharauliwa. Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris ulioahidi zaidi ya euro bilioni 1.5, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja utafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zijazo. M23 ilijibu kwamba haikushirikishwa. Mwaka 2025 ulikwisha uwanja ukiwa bado umefungwa. Bidhaa nyingi za misaada hulazimika kupitia Rwanda kwa barabara, yaani kupitia nchi inayotajwa katika ripoti za Umoja wa Mataifa kuwa upande mmoja wa vita. Hali hiyo inaiweka misaada mahali pabaya hata pale malori yanaporuhusiwa kupita.

Nataka tukae kidogo kwenye namna upungufu mmoja unavyozaa mwingine, maana ripoti huuweka kila mmoja katika safu yake: chakula hapa, afya pale, ulinzi kule. Katika maisha ya mwanamke wa Kivu havitengani hivyo. Mgao ukipunguzwa, yeye hutafuta cha kuuza, na kilicho karibu ni kuni na makaa kutoka ukingo wa msitu wa Virunga. Njia ya kuni ndiyo njia ya wenye silaha, wa kila upande. Mwaka 2023 timu za MSF nchini Kongo zilihudumia zaidi ya waathirika 25,000 wa ukatili wa kingono, zaidi ya wawili kwa kila saa, na sehemu kubwa ilikuwa katika kambi za Goma. Anayebakwa anahitaji kufika zahanati ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Sehemu kubwa ya dawa hizo ililipiwa na Marekani, na mkataba wa kuleta zaidi ya vifurushi 100,000 vya tiba hiyo ulifutwa katika ukataji wa mwaka 2025. Kwa hiyo aliyepunguza unga alimsukuma mwanamke msituni, na aliyefuta mkataba wa dawa alimfungia mlango aliporudi. Ni mfadhili yuleyule.

Kwa watoto hali ni hiyohiyo. Mhudumu wa afya huzungusha utepe kwenye mkono wa mtoto, na ukisoma chini ya milimita 115 mtoto yuko hatarini kufa. Tiba yake inajulikana, tena ni rahisi: siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini, kwa muda wa wiki sita hadi nane. Ikikatika wiki ya tatu kwa sababu lori halikufika, mtoto hurudi alikoanzia akiwa amebakiwa na nguvu chache kuliko mwanzo. Novemba 2025 WFP ilieleza kwamba mashariki mwa nchi watu milioni 10 wana njaa kali, na kwamba yenyewe imelazimika kuwapunguza inaowalisha hadi watu 600,000 hivi. Mwaka huohuo kipindupindu kilivuka visa 64,000 nchini kote na kuua karibu watu 1,900. UNICEF iliuita mlipuko mbaya kuliko yote katika robo karne.

Vifo vya aina hii havina mlio, na ndiyo maana huwa rahisi kuvikana. Shirika la misaada la International Rescue Committee, IRC, lilikadiria kwamba kati ya 1998 na 2007 Wakongo milioni 5.4 walikufa kwa sababu ya vita. Wataalamu wengine waliipinga idadi hiyo, na mjadala wao ulikuwa halali. Lakini sehemu kubwa ya waliokufa haikupigwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, katika nyumba ambazo zahanati yao ilikuwa imefungwa. Tunaposema leo kwamba zahanati zimefungwa Masisi na Walikale, tunajua kutokana na miaka hiyo kitakachofuata.

Wapo watakaouliza kama misaada hiyo ilistahili kutetewa. Swali hilo ni la haki. Mwaka 2020 uchunguzi uliofadhiliwa na Uingereza ulieleza namna rushwa ilivyoota mizizi katika kazi za misaada nchini Kongo: majina hewa kwenye orodha, kamisheni kwa wanaotoa ajira, wenyeji waliolazimika kurudisha sehemu ya walichopewa. Mwaka 2021 tume huru ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika kazi ya kupambana na Ebola mashariki mwa nchi, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake wa Beni na Butembo walidaiwa miili yao ili wapate kazi ya kufua au kupika. Hakuna uchambuzi wa kweli unaoweza kuyaruka hayo. Lakini miradi haikufungwa kwa sababu ya makosa hayo. Ilisimamishwa kwanza, ikakaguliwa baadaye, na iliyokuwa safi ikafa pamoja na iliyooza.

Kosa jingine halikuwa la jinai, ila limegharimu vilevile. Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada itafika kwa mashirika ya wenyeji moja kwa moja iwezekanavyo. Haikufika karibu na hapo. Mashirika ya Wakongo yalibaki wakandarasi wadogo: yalilipwa kwa kazi ya mwezi huu, bila akiba, bila fedha za kodi ya ofisi, bila gari lao. Januari 2025 mikataba ya juu ilipokatika, hayo ndiyo yalikuwa ya kwanza kukosa mshahara. Wafanyakazi wengi wa kigeni walihamishwa. Wenyeji walibaki, kwa kuwa ni kwao. Hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege mjini Bukavu, na zile za HEAL Africa na CBCA Ndosho mjini Goma, ziliendelea kupokea majeruhi. Uwezo ulikuwapo siku zote. Ulinyimwa mizizi.

Wanaobeba mzigo sasa ni watu ambao hakuna mpango unaowahesabu kama watoa misaada. Hata kabla ya 2025, wakimbizi wa ndani wa Kongo walioishi katika nyumba za ndugu, marafiki na waumini wenzao walikuwa wengi kuliko walioishi kambini. Wazee walituachia neno kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika vijiji vya Minova na Masisi mgeni yuko tayari kushika jembe siku ya kwanza, lakini shamba liko upande wa pili wa mapigano. Basi familia ya watu saba inakula chungu kimoja na familia nyingine ya watu wanane, kwa miezi, mpaka nao wenyeji waingie kwenye orodha ya wenye njaa.

Nchi jirani nazo ziko katika hali hiyohiyo. Bukavu ilipoanguka, makumi ya maelfu walivuka mto Rusizi kwenda Burundi, wengine wakilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Desemba 2025, siku chache baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia saini makubaliano mjini Washington, M23 iliingia mji wa Uvira na wengine makumi ya maelfu wakavuka. Walikuta nchi maskini ambayo mgao wa wakimbizi ulikuwa umekwisha kupunguzwa. Uganda, inayosifiwa kwa kuwapa wakimbizi ardhi, ilishuhudia WFP ikiacha kuwalisha takriban watu milioni moja mwaka 2025. Kakuma, nchini Kenya, mgao ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini anachohitaji mtu. Kwa hiyo anayekimbia Kivu leo anakimbilia mgao mdogo zaidi wa chakula kuliko aliyekimbia mwaka 2022.

Wajibu wa kwanza si wa wafadhili. Kwa sheria ya vita, anayeshika eneo anawajibika kwa raia waliomo, na pande zote zinawajibika kuruhusu msaada upite. Hilo linakibana kikundi chenye silaha sawasawa na serikali. M23 inayotoza ushuru wa madini ya koltani ya Rubaya, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa angalau dola 800,000 kwa mwezi, haiwezi kusema haina uwezo wa kutengeneza tangi la maji. Rwanda haiwezi kuwa na ushawishi wa kutosha kujadiliana Washington na kukosa ushawishi inapoulizwa kuhusu uwanja wa ndege. Kinshasa nayo haiwezi kudai mamlaka kamili juu ya Kivu huku ikitumia mamlaka hayo kuzuia ndege ya dawa.

Na sisi tulio Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura tuna sehemu yetu. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Wanajeshi wa Kenya, Uganda na Burundi walikwenda huko katika kikosi cha Jumuiya; Watanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini katika kile cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC; na vikosi vyote viwili viliondoka bila amani kupatikana. Tarehe 8 Februari 2025 marais wa jumuiya zote mbili walikutana Dar es Salaam na kuagiza usitishaji wa mapigano, ufunguzi wa barabara kuu kutoka Goma kwenda Bukavu, Rutshuru na Lubero, usafiri wa Ziwa Kivu, na ufunguzi wa mara moja wa uwanja wa ndege wa Goma. Orodha ilikuwa sahihi, na ilitaja njia zilezile ambazo kufungwa kwake kumeeleza sehemu kubwa ya makala hii. Baada ya hapo mazungumzo yalihamia Doha na Washington, na agizo la Dar es Salaam likabaki nyuma.

Kuziba pengo la fedha la Marekani kuko nje ya uwezo wetu. Kufungua mlango kuko ndani ya uwezo wetu: ndege za dawa zinazokaguliwa na pande zote na kutua chini ya bendera ya Msalaba Mwekundu au ya Umoja wa Mataifa, bila saini yoyote ya kumtambua mtu, njia halali ya kufikisha noti Goma na Bukavu kwa ajili ya raia, na fedha, hata kidogo, ziende moja kwa moja kwa hospitali na vyama vya wenyeji ambavyo havikukimbia. Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha lina haki ya kuliuliza Baraza la Mawaziri ni nini kilichotekelezwa katika agizo la tarehe 8 Februari 2025, na nani aliyekabidhiwa kazi hiyo. Wabunge wetu waulize swali hilo katika kikao kijacho, na jibu litolewe hadharani.